Waulize Washauri: "Nikimuuliza, sitamtia wazo?"

Barua za mara hii zimefika nyingi kuelekea 10 Septemba, Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani, inayoadhimishwa tangu 2003. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hicho ni chanzo cha tatu cha vifo duniani. Majina ya waandishi tumeyaondoa.

Ikiwa wewe unayesoma ndiye mwenye mawazo haya, usianze na barua. Mtafute mtu mmoja sasa hivi, awe jirani, mama mdogo au rafiki, umwambie kwa maneno haya haya: "Nina mawazo ya kujiua, naomba usiniache peke yangu." Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure. Tanzania, kituo cha simu cha Wizara ya Afya ni 199, na watoto wana 116, ambayo Kenya pia ni namba yao. Simu isipopokelewa, nenda hospitali iliyo karibu, idara ya dharura, ukaseme maneno hayo hayo mapokezi.

*

Shikamooni washauri. Mwanangu ana miaka 23. Alichukua mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, akaongeza na kubeti, sasa wadai wanamfuata hadi nyumbani. Wiki mbili hizi halali, chakula anakigusa tu, na juzi amempa mdogo wake simu na viatu vyake. Jana akaniambia, "Mama, karibuni mtapumzika." Nataka kumuuliza kama anawaza kujiua, lakini dada yangu ananikataza. Anasema nitamtia wazo.
Mama wa Mbozi

Marahaba, mama. Muulize, na iwe leo. Swali halipandi wazo lisilokuwepo. Mwaka 2014 watafiti walizipitia tafiti 13 zilizopima jambo hilo, na hakuna hata moja iliyoonyesha kwamba kuulizwa kuliongeza mawazo ya kujiua. Aliyebeba siri hii mara nyingi huamini kuwa hakuna anayeweza kuisikia bila kupiga mayowe. Swali lako linampa ruhusa ya kuitua.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Usimwite sebuleni mbele ya wajomba kama kesi ya ukoo. Mchukue mahali mnapofanya kazi ya mikono, kupukuchua mahindi au kuchambua kahawa, ukae ubavuni kwake. Anza na ulichokiona: "Mwanangu, naona huli, hulali, na juzi umegawa vitu vyako. Jana ukaniambia tutapumzika." Kisha litaje neno lenyewe: "Je, unawaza kujiua?" Usilizungukie kwa "usije ukafanya ujinga" au "huwezi kuwaza mambo mabaya, sivyo?" Swali la namna hiyo limeshachagua jibu, naye atakupa lile unalolitaka. Ukishauliza, nyamaza. Kimya chake kinaweza kuwa kirefu kuliko unavyoweza kukivumilia, lakini kivumilie.

Akikubali, usianze kuhubiri. Unahitaji kujua mambo manne, nayo uyaulize taratibu: mawazo hayo humjia mara ngapi, amefikiria atafanyaje, hicho alichokifikiria anakipata wapi, na amepanga lini. Mtu anayesema "wakati mwingine natamani nisiamke" yuko hatarini na anahitaji mtaalamu wiki hii. Mtu aliyeshajua namna, anacho kitu, na ametaja siku, huyo msilale kabla hajafika hospitali. Hatari huzidi kama aliwahi kujaribu kabla, na huzidi tena akiwa amelewa, kwa kuwa pombe humfanya mtu atende upesi jambo ambalo mchana angelisitasita.

Kuna maneno yanayofunga mlango: "unatuaibisha", "wenzako wana shida kuliko wewe", "mwanaume hajiendekezi". Hata "ni dhambi" haisaidii saa hiyo. Dhambi anaijua, na huenda ndiyo inayomuumiza zaidi. Mwambie, "Asante kwa kuniambia. Hili tutalibeba pamoja." Akikuomba usimwambie mtu yeyote, usikubali. Mjibu kwamba hutalitangaza, ila hutabaki nalo peke yako, na mchague pamoja mtu wa pili wa kuambiwa.

Leo usiku mtu mzima alale chumba kimoja naye. Viuatilifu vya kahawa, dawa za mifugo na vidonge vyote viondoke nyumbani kwako viende kwa jirani, si kubadilishwa kabati. Kesho asubuhi, kama hamkulazimika kwenda usiku huu, nendeni kituo cha afya au hospitali ya wilaya, muulizie mratibu wa afya ya akili. Semeni wazi dirishani kwamba mgonjwa ana mawazo ya kujiua. Mkisema "ana mawazo mengi" tu, mnaweza kurudishwa na dawa ya usingizi.

Kuhusu deni, msimwachie aendelee kupokea simu za wadai. Baba mdogo na mjumbe wa mtaa waende badala yake, waandikiane malipo ya kidogo kidogo. Deni halitaisha wiki hii, lakini kijana akisikia kwamba kuna mtu mwingine anayejibu simu hizo, kifua kinapata nafasi ya kupumua.

*

Ni kweli kwamba anayesema atajiua huwa hafanyi, anatafuta tu kuonewa huruma?
Msomaji, Morogoro

Si kweli. Wengi waliokufa kwa kujiua walikuwa wamemwambia mtu kabla, wengine kwa wazi, wengine kwa mafumbo: "nimechoka na dunia", "sioni mbele", "mtanikumbuka". Na hata anayetafuta huruma, kama amefika mahali pa kutaja kifo ili aipate, basi anaihitaji.

Liko kosa la pili, lililo kinyume cha hilo, nalo ni kudhani kwamba aliyekusudia hazuiliki. Katika kila watu kumi walionusurika baada ya kujaribu, tisa hawafi kwa kujiua baadaye. Hamu ya kufa hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Walionusurika wengi wamesimulia kwamba kati ya kuamua na kutenda zilipita dakika chache, hazikuwa siku. Karibu ushauri wote wa ukurasa huu unatoka hapo: saa ile ikimpita mtu akiwa hai, ana nafasi kubwa ya kuishi.

*

Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Tandahimba. Ndani ya msimu mmoja tumewapoteza watu wawili kwa viuatilifu vya korosho. Bodi inataka kununua masanduku ya chuma yenye kufuli, kila mwanachama lake. Je, ni matumizi mazuri ya fedha?
Katibu, Mtwara

Ndugu Katibu, poleni sana. Kwa swali lako upo ushahidi mzuri, ila jibu lake litawashangaza wajumbe. Huko Sri Lanka watafiti waligawa masanduku ya kufuli vijijini na kufuatilia kwa miaka mitatu. Vilihusika vijiji 180, kaya zaidi ya 50,000. Matokeo yalichapishwa 2017: watu wa vijiji vyenye masanduku hawakupungua kujidhuru kwa sumu kuliko wa vijiji visivyopewa. Sanduku lilipokuwa jipya lilifungwa. Miezi ikapita, wakulima wakachoka kufungua na kufunga kila asubuhi ya kupulizia. Ufunguo nao hukaa ndani ya nyumba ile ile anamoishi mwenye kuhitaji kulindwa, na pasipokuwa na sumu nyumbani, duka liko jirani.

Kilichofanya kazi nchini humo ni kuziondoa sokoni zile sumu kali zaidi. Serikali ilianza 1984, ikapiga marufuku kundi kubwa 1995, na nyingine zikafuata. Kuanzia 1995 hadi 2015 kiwango cha kujiua nchini kilishuka kwa takriban asilimia 70. Wapo watu walioendelea kujaribu, ila walipona, kwa kuwa walichokipata hakikuwa na makali yale, na hospitali ilipata muda wa kuwatibu.

Chama chenu hakiwezi kupiga marufuku, lakini kinanunua kwa wingi, na mnunuzi mkubwa ana sauti. Mwiteni ofisa ugani akae na kamati ya pembejeo, mwulizeni kwa kila kiuatilifu mnachoagiza: je, kipo chenye sumu ndogo kwa binadamu kinachoua mdudu au ukungu ule ule? Rangi ya ufito ulio chini ya lebo inawasaidia: nyekundu ndiyo kali kuliko zote, ikifuatiwa na njano, bluu, kisha kijani. Agizo linaloanza kukataa nyekundu litaokoa watu wengi kuliko masanduku mia.

Fedha ya masanduku iwekeni kwenye ghala moja la pamoja. Katika jimbo la Tamil Nadu, India, liliwahi kujaribiwa ghala la kijiji ambamo kila mkulima ana kisanduku chake chenye funguo mbili, mmoja kwake, mwingine kwa mtunza ghala, na matokeo ya mwanzo yalitia moyo. Kwenu yafaa hivi: ghala lifunguliwe kwa saa maalumu, saa 12 hadi saa 2 asubuhi na tena jioni wakati wa kurudisha. Mtu achukue kiasi cha siku hiyo, kiandikwe daftarini, na chupa tupu irudi. Hapa ndipo maghala mengi yanapokufa: mtunza ghala halipwi, mwezi wa tatu anaacha kuja, wakulima wanarudisha madumu chini ya kitanda. Posho yake iingizeni kwenye bajeti ya mwaka kabla ya kununua bati.

Na zungumzeni na wenye maduka ya pembejeo. Mnunuzi ambaye si mkulima, aliyelewa au anayeonekana ametoka kulia, asiuziwe siku hiyo. Muuzaji aseme mzigo umeisha, amuulize hali yake, ampigie ndugu yake.

*

Shemeji yetu alikunywa dawa ya shambani. Tuliogopa kumpeleka hospitali kwa sababu ya polisi, tukampa maziwa na mafuta ya kula atapike. Alipona kwa bahati. Tungepaswa kufanya nini?
Familia, Geita

Mwenyezi Mungu ashukuriwe kwamba yuko hai. Msirudie kumtapisha mtu. Anayetapika akiwa amelegea hupaliwa, na sumu inayoingia mapafuni huua hata ile ambayo tumbo lingeivumilia. Maziwa, mafuta, mayai mabichi na maji ya mkaa havizimui sumu, na baadhi yake huongeza kasi ya kuingia mwilini.

Fanyeni hivi. Mtoeni mahali penye sumu. Anayemshika avae glavu, au mifuko ya plastiki mikononi, maana sumu nyingi za mashambani hupenya kwenye ngozi. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi na nywele kwa sabuni na maji mengi. Mlazeni kwa ubavu wa kushoto, kichwa kikiwa chini kidogo, mdomo ukielekea chini ili mate na matapishi yatoke. Asipewe kitu chochote mdomoni. Mmoja atafute usafiri, mwingine achukue chupa au pakiti yenye lebo, kwa sababu daktari huchagua tiba kwa kusoma jina la sumu. Akiwa ni wa kumeza vidonge, chukueni pakiti zote hata zilizo tupu. Na aende hospitali hata kama anaongea na kutembea. Zipo sumu zinazomwacha mtu akionekana mzima kwa siku nzima huku ini au mapafu yanaharibika.

Kuhusu polisi, tusiwafiche: Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Lakini aliye mahututi hutibiwa kwanza, na fomu ya polisi, PF3, inaweza kufuatiliwa na ndugu mmoja wakati mgonjwa yuko kitandani. Mweleze daktari ukweli kuhusu alichokunywa na saa aliyokunywa. Ukisema "alikunywa kwa bahati mbaya" atatibiwa sumu, lakini hakuna atakayemuuliza kuhusu moyo wake, naye atarudi nyumbani na jeraha lile lile. Sisi tunaamini kwamba kifungu hicho kinaua, kwa sababu kinawafungia watu ndani saa wanapopaswa kukimbia kwenda kutibiwa. Ghana walikiondoa cha kwao 2023.

*

Mume wangu aliruhusiwa hospitali Ijumaa baada ya kujaribu kujiua. Amepewa dawa za sonona na tarehe ya kurudi baada ya mwezi. Tangu Jumapili amekuwa mchangamfu ghafla. Je, nimwamini? Na nitamlinda hadi lini?
Mke, Dodoma

Dada, mwezi mzima ni mrefu mno. Wiki ya kwanza baada ya kutoka wodini ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, na hatari hubaki juu kwa takriban miezi mitatu. Rudini kliniki kabla siku saba hazijaisha, hata kama kadi inasema vingine. Uchangamfu wa ghafla unaweza kuwa nafuu, na unaweza kuwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuamua. Nje hutaitofautisha, kwa hiyo muulize waziwazi kama ulivyosoma kwenye barua ya Mbozi.

Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuleta unafuu wa kweli, na mwanzoni usingizi na nguvu vinaweza kurudi kabla huzuni haijaondoka. Wengi huziacha siku ya kumi kwa kuona hazifanyi kitu. Zikae kwako, umpe za siku moja moja, na mwombe daktari atoe za wiki moja kwa mara badala ya za mwezi. Asizikatishe ghafla bila kuambiwa.

Sasa kaeni na karatasi. Kinachoitwa mpango wa usalama kilitungwa na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown. Wagonjwa wa idara za dharura waliouandika na kupigiwa simu za ufuatiliaji walipungukiwa na matendo ya kujiua kwa takriban asilimia 45 ndani ya miezi sita, wakilinganishwa na waliopata huduma ya kawaida. Mwenyewe ndiye aandike, kwa maneno yake. Kwanza dalili zake: huenda ni kuanza kukaa gizani bila kuwasha taa, au kutojibu simu. Kisha yale anayoweza kufanya bila mtu, kama kuoga maji ya baridi, kutembea hadi sokoni, kusikiliza kaswida au kwaya. Kisha mahali na watu wanaomtoa mawazoni bila kuulizana mambo, labda kijiwe cha bao. Kisha watu wawili au watatu anaoweza kuwaambia "leo hali ni mbaya", namba zao ziandikwe kwa kalamu, kwa kuwa simu huzima chaji. Kisha kliniki na hospitali. Mwisho, nini kimeondolewa nyumbani na nani anacho. Mpango mbovu ni ule uliojaa maneno makubwa: "nitamtumaini Mungu", "nitawaza mazuri". Saa mbaya ikija hayo hayashikiki. Yeye aandike ni nani, ni wapi, ni wimbo gani.

Umeuliza hadi lini. Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti katika miji ya Brazili, India, Sri Lanka, Iran na China kwa watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu. Nusu walipata huduma ya kawaida. Wengine waliongezewa mazungumzo ya saa moja, kisha wakafuatwa kwa simu au kutembelewa mara tisa: wiki ya 1, ya 2, ya 4, ya 7 na ya 11, halafu mwezi wa 4, wa 6, wa 12 na wa 18. Baada ya miezi 18, waliokufa kwa kujiua walikuwa asilimia 0.2 ya waliofuatwa, na asilimia 2.2 ya wasiofuatwa. Tofauti hiyo ililetwa na mtu kurudi kuuliza, "unaendeleaje?" Chukua kalenda ya ukutani, zitie alama tarehe hizo tisa, ugawe kwa kaka yake, jirani na kiongozi wa dini anayempenda, ili usibaki wewe peke yako. Wagonjwa hujaa wageni wiki ya kwanza, na mwezi wa nne hakuna anayebisha hodi.

Nawe ulale. Mlinzi asiyelala hufika mahali akachukia anayemlinda, na hilo halina aibu, ila lina dawa, nayo ni zamu.

*

Mwanafunzi wetu wa kidato cha tatu alijiua wakati wa likizo. Shule inafungua Jumatatu, na mkuu anataka tusiseme lolote. Pia kuna msichana aliyejaribu muhula uliopita. Je, tunapaswa kumripoti?
Mwalimu, Kilifi

Mwalimu, mkiwa kimya, bweni litasimulia, na simulizi la bweni huwa na kila kitu kisichofaa. Semeni, lakini darasani kwa makundi madogo, walimu wote wakiwa na maneno yale yale, badala ya kutangaza mstarini. Elezeni kwamba amefariki kwa kujiua kama familia imekubali litajwe. Msieleze alivyofanya wala alipofanyia. Msitoe sababu moja, "ni kwa ajili ya matokeo" au "aliachwa", maana waliofeli na walioachwa wamo darasani wanawasikiliza. Msimtukane marehemu, wala msimfanye shujaa kwa picha kubwa getini na dawati lenye maua muhula mzima. Kujiua huweza kuambukiza vijana kwa namna hiyo.

Siku hiyo hiyo andikeni majina ya wa kuangaliwa kwa karibu: rafiki zake, aliyegombana naye mwisho, waliofiwa mwaka huu, na yule msichana wenu. Kila mmoja apewe mwalimu wake, na azungumze naye peke yake kabla ya Ijumaa. Hatari haiishi na wiki ya msiba, hurudi siku ya kuzaliwa ya marehemu na siku ya matokeo.

Msichana hapaswi kupelekwa polisi. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakwenda kinyume na Katiba. Mpelekeni hospitali, na mzazi ashirikishwe.

*

Mdogo wangu yuko Muscat kwa kazi za ndani. Usiku ananitumia voisi akilia, anasema hataki kuishi tena. Niko Zanzibar, nifanye nini?
Dada

Mpigie, umuulize swali lile lile la wazi. Ikiwa mwajiri yuko karibu, uliza maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana, na mpatane neno la kawaida, kama "ubwabwa", litakalomaanisha "sasa ni hatari." Mkiwa wawili, mmoja abaki naye kwenye simu bila kukata, wa pili atafute msaada. Polisi na gari la wagonjwa Oman ni 9999, kwa anayepiga akiwa huko. Kwa hiyo tafuta mapema Mswahili mmoja anayeishi Muscat wa kukupigia. Ubalozi wa Tanzania nao uko Muscat.

Leo, kabla hapajaharibika, andika mahali anapokaa (mwambie akurushie lokesheni), jina na simu ya mwajiri, wakala aliyempeleka, na namba ya pasipoti. Muulize pia: analala saa ngapi, anakula, mshahara analipwa, pasipoti anayo nani, kuna anayempiga au kumwingilia? Mengi ya majibu hayo ni mambo ya ubalozi, hayatatibiwa kwa kumfariji.

Na kuna sentensi moja tunakuomba umwambie usiku huu: "Usitume hela mwezi huu, na ukitaka kurudi, rudi." Wengi wao wanavumilia yasiyovumilika kwa sababu wanaamini nyumbani wanapendwa kwa Western Union.

*

Baba yetu alijiua miezi miwili iliyopita, Pangani. Mtu mmoja msikitini alisema asisaliwe. Wadogo zangu wa miaka 6 na 9 wameambiwa baba amesafiri. Sijui niwaambie nini.
Binti mkubwa

Pole, binti. Pole sana. Kuhusu sala: imepokewa katika hadithi kwamba Mtume hakumsalia yeye mwenyewe mtu aliyejiua, lakini wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa pwani yetu, wanasema Mwislamu huyo huoshwa, husaliwa na huzikwa na Waislamu. Mwombeeni baba yenu bila woga. Kwa wasomaji Wakatoliki, sheria ya Kanisa ya 1983 haimtaji aliyejiua miongoni mwa wanaonyimwa mazishi.

Watoto waambieni ukweli, mapema, kabla hawajausikia kisimani. Aliyeambiwa "amesafiri" huketi mlangoni kusubiri, na baadaye huwaza kwamba baba aliondoka kwa hiari bila kuaga. Wa miaka 6 atosheke na maneno machache: "Baba amekufa, hatarudi. Alikuwa na ugonjwa wa akili uliomuumiza sana, ukamfanya ajiue." Wa miaka 9 anaweza kuuliza alifanyaje, mjibu kwa ufupi bila picha. Wote wawili waambieni, hata wasipouliza, kwamba si kwa sababu walikuwa watundu au walimkasirisha. Mtoto hujihukumu kimya kimya. Watauliza tena kesho na mwezi ujao, maswali yale yale, huku wakicheza. Jibuni vile vile kila mara.

Wewe na mama yenu mwongezwe kwenye orodha ya wa kuangaliwa, kwa kuwa aliyefiwa namna hii naye yuko hatarini. Ukianza kuwaza kumfuata baba, namba ziko juu ya ukurasa.

Mdogo wako akikuuliza, "Na wewe utajiua?" kaa chini mlingane kimo, umwambie: "Hapana. Nikiumwa moyo nitamwambia mama na daktari. Na wewe ukiumwa, utaniambia mimi."